Nilichokiona Nyuma ya Pazia la Uwanja wa Ndege

Mimi ndiye niliyesema. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi nitajitetea mpaka anayenisikiliza anionee huruma. Sitaki huruma. Nilisema neno nisilopaswa kulisema, wanawake wawili wakaharibikiwa, na mimi nikaendelea kula na kulala na kwenda arusini kama mtu mwema.

Jina langu siliandiki. Majina mengine hapa si ya kweli, na vitu viwili vitatu nimevigeuza makusudi, ili asiweze mtu kumnyooshea mwenziwe kidole. Aliyeumia zaidi haishi Malindi tena. Angekuwapo, nisingethubutu hata kushika kalamu.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mtaa wa Shella. Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini nilikuwa nikifanya kazi uwanja wa ndege. Usifikirie uwanja mkubwa. Jengo dogo, mizani ya kupimia mizigo, mabenchi, na ndege ndogo za Lamu, Mombasa na Nairobi. Abiria wengi walikuwa watalii. Watu wetu walikuwa wachache, mgonjwa, au mtu mwenye haraka, au mvua ikishakata barabara.

Redio zama zile haikuwa na habari ila mabomu na ndege kutekwa nyara huko duniani. Basi ikaja amri kutoka Nairobi kwamba kila abiria apekuliwe, mwili na mzigo. Askari wa uwanjani wote walikuwa wanaume. Siku ya kwanza tu mmoja akapeleka mkono kwenye buibui la mke wa mtu, na mumewe akamkaba shati palepale mbele ya wazungu. Wanawake wetu wakasema hawapandi ndege kwa kushikwashikwa. Wengine nao wakasema, je, na ndani ya buibui hamuwezi kufichwa bunduki? Kila upande ulikuwa na haki yake. Mimi mwenyewe singependa kupanda ndege na mtu mwenye bomu, na wala singependa askari anishike kiuno.

Wazee wa msikiti wakaenda kukaa na mkuu wa uwanja, wakapatana. Wanawake watapekuliwa na mwanamke mwenzao, mtu wa mji, nyuma ya pazia. Na kitakachoonekana huko nyuma, kama si silaha, kitabaki hukohuko. Wakanichagua mimi. Walisema mimi ni mtu wa siri, na mimi nikaona nimepewa taji.

Mkuu wa uwanja alikuwa mtu wa bara, mpole, Kiswahili chake cha kazi tu. Aliniambia, "Mama, wewe tafuta silaha tu. Hiyo ingine yote si kazi yetu."

Maneno hayo mafupi. Lau ningeyashika.

Pazia nililishona mwenyewe, kwa leso mbili. Mwanzo nilifanya kazi vizuri, wallahi, hata nikijikumbuka namwonea fahari mtu yule niliyekuwa. Nilikuwa naomba radhi kabla sijamgusa mtu. Niliona mengi. Mimba ambazo hazijatangazwa, makovu ya kuungua, hirizi viunoni mwa watu ambao mchana wanazikana. Mwanamke mmoja mkubwa wa mji alikuwa hana nywele hata moja chini ya mtandio. Yote niliyaona na yote niliyanyamazia, na wanawake wakanizoea mpaka wakawa wanaingia nyuma ya pazia lile wakicheka.

Sasa nije kwa Rukia.

Rukia alikuwa jirani yangu, msichana mzima, mwalimu wa cherehani, mtulivu wa kupita kiasi. Akaposwa na watu wa Lamu, watu wenye jina. Arusi ikapangwa ifanywe huko huko kwa bwana arusi, kwa sababu bibi yake bwana arusi, mzee sana, alikuwa hawezi kusafiri naye anataka kuona kwa macho yake. Kwetu sisi arusi inaalikwa kwa miguu. Wanawake hujifunga leso za sare wakapita nyumba kwa nyumba, wakabisha hodi, wakasema fulani anawaalikeni. Nikawangoja. Nilifagia baraza yangu kila siku nikiwangoja. Hawakuja.

Hilo liliniingia moyoni likakaa. Nikawa nasema peke yangu jikoni, kumbe mimi nimekuwa wa kupapasa watu tu, si wa kualikwa na watu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Mombasa, mimi naishi na wifi yangu, dada yake, na wifi naye hakukosa la kuongeza. Kila jioni alinitilia makaa.

Mvua zikakata barabara ya Lamu kule Garsen, na siku ya safari bibi arusi akaja uwanjani na mamake na somo wake. Somo kwetu ni yule mama anayemfunza mwari mambo ya unyumba na kukaa naye mpaka usiku wa arusi. Ndiye anayetandika shuka nyeupe, na ndiye anayeitoa asubuhi kuwaonyesha watu wa mume kwamba binti amekwenda na ubikira wake. Somo wa Rukia nitamwita Bi Maimuna. Alikuwa amewafunda nusu ya wanawake wa Shella, na mimi mmojawao.

Nikampekua Rukia, mara moja, nikamaliza. Mikono yake yote ina hina, nzuri, ya maua madogomadogo. Akanisalimu kwa adabu kama siku zote, "Dada, hujambo," na mimi nikamjibu kwa ncha ya ulimi. Mamake naye akapita. Akaingia Bi Maimuna na kikapu chake.

Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu. Nikampapasa. Kikapu nikakibonyeza kwa nje, huku na huku, nikajua hamna chuma. Kazi yangu ilikuwa imekwisha hapo. Naapa nilijua imekwisha.

Nikakimwaga.

Nilitaka kuona wamebeba nini, hao wasiotaka kunialika. Leso mpya, udi, mafuta, shuka nyeupe imekunjwa. Na chini kabisa kitambaa ndani ya kitambaa, na ndani yake kichupa, vile vya dawa ya kikohozi. Bi Maimuna akaweka mkono wake juu ya wangu. Akasema kile ni chake. Nikamwambia hiyo ni sheria, Bi Maimuna, mimi sina budi. Sheria! Mimi niliyeambiwa nitafute silaha tu.

Nikafungua kizibo. Ilikuwa damu. Damu ya kuku, imechanganywa na kitu isigande. Nikaitazama ile shuka nyeupe, nikamtazama yeye, akajua nimefahamu. Na upande wa pili wa pazia namsikia Rukia akimwuliza mamake kama ndege ikiruka masikio huuma.

Bi Maimuna alisema polepole, karibu na sikio langu.

"Lilimfika jambo hakulitaka. Hakuna anayejua ila mamake na mimi. Sasa umejua na wewe. Nistiri, mwanangu."

Nikakifunga kile kichupa, nikakirudisha katika vitambaa vyake. Nikamwambia, "Nenda salama, Bi Maimuna." Akaniombea dua. Akainua kikapu akatoka, na mimi nikabaki nimesimama na harufu ile puani.

Nataka kusema kwamba nilikaa na siri ile siku nyingi kabla ya kuitoa. Sivyo. Sikuivusha hata alasiri.

Nilirudi nyumbani nikamkuta wifi anachagua mchele kwenye uteo. Akaanza tena, eti leo wenzetu wameruka, sisi hata pilau ya kunusa hatukupata. Nami nikajibu, kwa ile sauti ya mtu anayejua kitu: "Watatualika vipi, na arusi yenyewe wameitia ndani ya chupa?"

Mikono ya wifi ikasimama juu ya mchele. Akauliza chupa gani. Nikamwambia. Kwanza nikamwapisha, akaapa, kisha nikamwambia yote, na nilipokuwa nikisema, Mungu ananiona, nilisikia raha. Raha ile ndiyo inayonitisha mpaka leo kuliko kitu kingine chochote.

Asubuhi yake ndege nyingine ilikuwa inakwenda Lamu. Miongoni mwa abiria alikuwapo mama mmoja, shoga mkubwa wa wifi, na nyumba yao huko Lamu imepakana na nyumba ya bwana arusi. Akaingia nyuma ya pazia langu akanitazama kwa jicho la kunidadisi. Nikampekua mimi mwenyewe, kwa mikono hii hii. Makwapani, kiunoni, mkobani. Hana kisu, hana wembe, hana kitu. Nikamwambia pita, akapita, na neno langu mdomoni mwake.

Yaliyotokea Lamu niliyasikia baadaye, vipande vipande. Bi Maimuna alinong'onezwa na mtu wa jikoni kwamba nyumba nzima inazungumza habari za chupa, akaimwaga kabla hawajaja. Shangazi za bwana arusi wakaja wakakipekua kikapu, wakapekua na sanduku la bibi arusi, nguo moja moja, mbele yake. Hawakuona kitu. Lakini mtu akishaingiwa na shaka, kutoona kitu hakumtoi shaka. Wakasema watamweka mtu wao ndani, ashuhudie mwenyewe. Mamake Rukia akakataa binti yake kufanyiwa hivyo. Kukataa kule wakakuchukua kuwa ndiyo jibu. Ndoa haikufungwa.

Walirudi na ndege ya adhuhuri. Nilikuwa mlangoni. Rukia alishuka wa kwanza, amejifunika buibui mpaka machoni, na mikono imetoka nje kushika ngazi. Hina haijafifia hata kidogo. Mamake alipita hakunitazama. Bi Maimuna alikuja nyuma, amebeba mizigo ya wote watatu, naye alinitazama. Nikainama nikajifanya natafuta kiatu changu.

Mji ukauliza, ni nani aliyesema? Wengine walisema ni uzushi mtupu, hakuna chupa, watu wa Lamu walitafuta sababu. Lakini Rukia na mamake walijua kwamba chupa ilikuwako, na walijua waliojua ni watatu tu. Wakawatoa wawili ambao ni wao wenyewe. Akabaki mmoja.

Mimi hakunifikiria mtu. Hawakujua kwamba nilifungua, na wifi na shoga yake walifunga midomo, maana na wao wamo.

Basi mlango wa Bi Maimuna ukaanza kupoa. Kwanza hakuitwa arusi moja, tukasema labda wamesahau. Kisha hakuitwa nyingine. Mwisho wake mama yule aliyetufunda sote akawa anasikia ngoma ya arusi mtaa wa pili naye amekaa barazani kwake anakuna nazi. Watu walimsalimu kwa mbali. Siku moja kwenye shughuli wanawake wakamtaja, mmoja akanigeukia akaniuliza mimi jirani naonaje. Nikasema, "Mtu mzima ovyo."

Jamani! Nilisema hivyo, na sinia ya pilau iko mbele yangu, nikaendelea kula.

Lakini mwili ulikuwa unajua. Kule kazini mikono ikaanza kunikataa. Mtu akiweka mkoba mezani naona kichupa kabla sijaufungua. Nikaacha kufungua. Nikawa nagusa juu juu tu nasema pita, pita. Mpaka siku moja rubani mmoja akakuta jisu la kuchinjia limeteleza chini ya kiti, la mama mmoja anayekwenda kwenye hitima, hakuwa na nia mbaya maskini, lakini lilikuwa jisu na mimi ndiye niliyelipitisha. Mkuu wa uwanja aliniita. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mama, kwani nilikuambia nini siku ya kwanza?" Nilikuwa nimelivunja agizo lake kwa kuzidisha, na sasa nimelivunja kwa kupunguza.

Bi Maimuna alipita tena pale uwanjani mara moja tu. Macho yalikuwa yanamsumbua, mwanawe akamkatia tikiti ya Mombasa. Niliisikia sauti yake nje ya pazia. Akaingia. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba vilevile, mwanangu vilevile. Kisha, sijamwomba, akakimwaga kikapu chake mwenyewe juu ya meza yangu. Leso, tasbihi, mkate katika karatasi. Akakung'uta mpaka vumbi. Akanyoosha mikono yake miwili pembeni, akangoja nimpapase.

Sikuweza kumgusa. Nikamwuliza kwa sauti isiyotoka, kwa nini hukunitaja?

"Mpaka leo watu wanabishana kama chupa ilikuwako," akasema. "Nikikutaja wewe, nimeitaja chupa. Nitakuwa nimemwuza mtoto mara ya pili."

Akawa anarudisha vitu vyake kikapuni, kimoja kimoja, kwa kupapasa kwa sababu ya macho. Alipomaliza akasema, "Nilikuomba unistiri, hukunistiri. Mimi nimekustiri. Haya nipekue niende, ndege isiniache."

Nikampekua. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika. Nikamwambia nenda salama, na sauti yangu mwenyewe ikanirudia masikioni kama ya siku ile.

Kazi niliiacha mwezi ule ule. Nilisema ni miguu. Wakaletwa wanawake wawili askari kutoka bara, wakali, wasiomjua mtu, na pazia likaondolewa kwa sababu walisema linawazibia mwanga. Wanawake wa mji wakanililia, wakasema afadhali wewe ulikuwa ukitutunzia siri zetu. Nililazimika kuwasikiliza mpaka wamalize.

Bi Maimuna akafa. Alikufa hajaitwa tena kwenye arusi yoyote, na Rukia hajakanyaga mlango wake tangu warudi kutoka Lamu. Nilikwenda msibani kama jirani. Walipotaka kumwosha wakahitaji watu wa kushika leso kuzunguka kitanda, ili maiti asionekane, na aliyekuwa akiosha akaniita mimi. Alisema, "Njoo wewe, umezoea kazi ya pazia." Hakuwa na maana yoyote mbaya. Nikashika ncha ya leso. Ikanishuka mkononi, bega lake likaonekana, wakaniambia inua, mwonee haya mwenzio. Nikainua.

Nilipotoka pale sikwenda kwangu. Nilikwenda kwa Rukia. Nilimkuta kwenye cherehani anashona sare za watoto wa shule, mlango umefungwa nusu, na nje watu wanapita kwenda msibani. Sikuketi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kuanzia kikapu mpaka wifi mpaka yule mama wa ndege ya Lamu. Nilipotaja kichupa mguu wake uliacha kukanyaga cherehani. Nikamwambia Bi Maimuna hakufungua mdomo wake hata siku moja. Ni mimi.

Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa. Nilitamani anipige.

Akauliza, "Alijua ni wewe?"

Nikasema alijua.

"Miaka yote hii, na mimi simsalimu, alijua?"

Nikasema ndiyo.

Akainuka, akachukua buibui lake ukutani, akalivaa huku anakwenda. Alifika jeneza limeshatoka. Waliokuwapo waliniambia aliingia chumba cha marehemu, akakaa chini pale penye maji ya kuoshea, sakafu bado mbichi, na hakuna aliyeweza kumwinua mpaka magharibi. Mimi nilibaki kwake, na kitambaa chake bado kiko chini ya sindano. Hakuniambia nitoke wala hakuniambia nikae. Mpaka alipohama mji hakusema nami tena, na mimi sikumlaumu.

Wifi yangu yuko, tunakula sinia moja. Tukisikia ndege inashuka yeye husema hiyo ya Lamu hiyo. Mimi huinuka nikaingia ndani.

Ndugu zangu, na hasa nyinyi mliopewa kazi hii ya kuchungulia wenzenu, maana naona siku hizi hata kwenye mahoteli watu wanafunguliwa mikoba. Sisemi msipekue. Kisu ni kisu, nami nimeshakipitisha kimoja na najua hofu yake. Lakini mtu anapokufungulia mkoba wake amekuruhusu kutafuta kisu, hakukuruhusu zaidi ya hapo. Ukikuta kingine, kifunike kama ulivyokikuta, umrudishie mwenyewe mkononi. Na ukimwambia nenda salama, basi uwe unamaanisha. Mimi nililisema neno hilo kwa mama mmoja nikiwa tayari nimeshaanza kufikiria nitamwambia nani.